Dakika Nne za Toroli Namba Saba

Teksi ya Probox ilipotoka Malaba, Sheilah, aliyekaa mbele, alimsikia mzee mwenye mkongojo akimsimulia msichana aliyeketi naye nyuma jinsi toroli linalojiendesha lilivyomvunja mguu ghalani.

"Ofisi inasema rekodi za hilo toroli hazionyeshi lilisimama popote. Eti nilianguka kwangu Chakol. Leo naenda Busia kujibu barua ya kunifuta kazi, eti nimedanganya."

Dereva alipunguza redio; habari kubwa ilikuwa kiti cha nyuma.

"Toroli namba saba?" msichana akauliza polepole. "Jumanne asubuhi?"

"Umejuaje, dada?"

"Mimi ndiye husafisha hizo rekodi, naondoa makosa kabla ziende ofisini. Lilisimama dakika nne. Huwa halisimami hata nusu dakika, nikadhani mtambo umekosea, nikaziondoa hizo dakika."

Mzee alimgeukia. "Hizo dakika nne wenzangu walikuwa wananivuta kutoka chini yake."

Sheilah, aliyeomba juzi kazi kama hiyo ya kusafisha rekodi, alishindwa kugeuka.

"Twende uwaambie," mzee akasema.

"Na kazi yangu, mzee?"

Gari likasimama Busia. Msichana alishuka kwanza, akabaki ameushika mkongojo wa mzee, hajui amkabidhi tu au amsindikize hadi ofisini.