Mama Kadi na Faili Lililochelewa Kurudi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, karani wetu wa masijala atafunga kabati la mwisho, atajaribu mpini mara mbili kama kawaida yake, kisha atakabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi katika ofisi hii ya mawakili. Kwa muda wote huo amepoteza faili moja tu. Hilo moja lilikuwa lake mwenyewe, na wasifu huu hauwezi kulikwepa, ingawa mhusika ameomba tulikwepe.

Alipoanza kazi alipewa chumba kilicho nyuma ya ngazi, chenye dirisha lisilofunguka na makabati manne ya chuma. Mafaili yalikaa popote yalipoachwa: juu ya viti, chini ya meza ya chai, na moja, inasemekana, lilitumika kuzuia mlango wa choo usijifunge. Wiki ya kwanza alikata makaratasi magumu ya manjano na kutangaza sheria yake. Anayechukua faili ataacha kadi mahali pake, yenye jina lake, tarehe ya kulichukua na tarehe ya kulirudisha. Hakuna kadi, hakuna faili. Mawakili walicheka. Walicheka kwa siku tatu hivi.

Siku ya nne mwanzilishi wa ofisi, ambaye sote humwita Mzee, alishuka mbio akiwa tayari na joho mwilini, akitaka faili la kesi ya saa tatu. Karani akampa kadi na kalamu. Mzee akamfahamisha kwamba ofisi ni yake, makabati ni yake, na hata kalamu ile ni yake. Karani akakubaliana naye kwa yote matatu, akaendelea kumshikia kadi. Mzee alisaini, na jina la Mama Kadi likazaliwa pale pale. Mwaka uliofuata Mzee alipitisha tarehe ya kurudisha faili alilokwenda nalo nyumbani. Alipokea barua rasmi ya kumkumbusha, iliyopigwa chapa bila kosa, na chini yake imeandikwa: nakala kwa mkewe. Kesho yake faili lilikuwa mezani kabla ya saa mbili asubuhi.

Tangu hapo kadi zilienea. Mwavuli wake una kadi. Mashine yake ya kubania karatasi ina kadi. Mjukuu wake wa kwanza alipoletwa ofisini akiwa na wiki sita, akawa anapita mikononi mwetu mmoja baada ya mwingine, Mama Kadi alimfuata kwa macho huku akitaja kwa sauti ndogo jina la aliyenaye. Ukimtania hukujibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo hujui kama anamaanisha mjukuu au mwavuli.

Kisa kinachomweleza zaidi, hata hivyo, ni cha miaka sita iliyopita. Yeye na mumewe, fundi saa, walikuwa wamejenga nyumba kidogo kidogo hadi kuta zikafika juu. Lililobaki ni paa. Mvua za misimu miwili zilikuwa zimeshanyesha ndani ya vyumba vyote vitatu, na mwashi aliwaonya kwamba za msimu wa tatu zingeangusha kuta. Wakaomba mkopo wa mbao na mabati. Benki ikakataa. Karani wa benki aligeuza kompyuta yake ili Mama Kadi ajionee mwenyewe: majina yake yote matatu yalikuwa kwenye ripoti ya mikopo, miongoni mwa wadaiwa sugu, kwa friji kubwa na seti ya makochi aliyochukua kwa malipo ya polepole katika mji ambao hajawahi kuukanyaga. Kwa mwanamke asiyeazimisha hata mwavuli bila maandishi, hilo lilikuwa tusi.

Zikaanza simu. Kampuni ya kukusanya madeni ilikuwa imekabidhiwa deni lile, na ofisa wake mmoja mwenye sauti nene akawa anapiga simu ya ofisi. Alichagua saa saba mchana, bila kujua kwamba saa hiyo mpokea simu wetu huenda kula na kiti chake hukaliwa na Mama Kadi. Alimtaka mdaiwa. Mama Kadi alimuuliza jina, kampuni na sababu ya kupiga, akaandika yote katika daftari la simu, akaahidi kwamba ujumbe utamfikia mhusika. Ulimfikia. Hakusema uongo hata mara moja. Simu zilifika ishirini na saba, kila moja na saa yake, na kila tusi limeandikwa neno kwa neno kwa ule mwandiko wake wa kuvutia. Ofisa alipoanza kumpigia na wifi yake Mama Kadi, wifi naye aliagizwa kununua daftari.

Hatimaye ofisa alitishia kuja kumwaibisha mbele ya mwajiri wake, na akaja kweli, saa saba na robo, na mkoba kwapani. Mama Kadi alimkaribisha kiti, akampa maji, akamsogezea daftari la wageni. Alimwomba aandike kwa ukamilifu jina la mtu anayemtafuta pamoja na nambari ya kitambulisho chake, maana hii ni ofisi ya sheria na haipendi kukosea watu. Ofisa akatoa karatasi zake, akanakili kwa utulivu. Akaambiwa kwamba mhusika hayuko masijala kwa sasa, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, kwani alikuwa amekaa mbele yake. Baada ya nusu saa alichoka, akaondoka. Tarakimu mbili za mwisho alizoandika kwa mkono wake hazikuwa za Mama Kadi. Zilikuwa za mwanamke mwingine, mwenye majina yaleyale na, bila shaka, friji nzuri.

Mtu angedhani mambo yameisha hapo. Mama Kadi aliandika barua kwa duka, kwa wakusanya madeni na kwa ofisi ya taarifa za mikopo, akiambatanisha nakala ya ukurasa ule. Wote watatu walimjibu kwamba malalamiko yake yanashughulikiwa, na simu ya ishirini na nane ikaingia. Ilikuwa wazi kwamba anahitaji wakili. Alikuwa akifanya kazi kwenye jengo lenye mawakili saba, na hakumwambia hata mmoja.

Sababu yake tuliijua baadaye, na ilituuma. Kwa miaka ishirini na sita ni yeye aliyekuwa akiandika neno “mdaiwa” kwa kalamu nyekundu juu ya mafaili ya watu wanaodaiwa, kwa agizo letu, na alikuwa amesikia mizaha tunayoifanya juu yao kwenye chai. Hakutaka kusikia jina lake ndani ya mizaha hiyo. Kwa hiyo akatengeneza faili lake mwenyewe, akaanza kuzunguka mjini wakati wa mapumziko ya mchana kutafuta wakili wa nje.

Alikuwa na mtihani wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Mama Kadi alikuwa amewahudumia mawakili kiasi cha kujua kwamba wapo wanaosoma mafaili na wapo wanaoyapapasa tu. Ukurasa wa tatu wa faili lake ulikuwa nakala ya daftari la wageni, yaani moyo wa kesi nzima. Akauweka kichwa chini. Wakili atakayerudisha faili huku ukurasa huo ukiwa bado kichwa chini, hajausoma.

Wakili wa kwanza alikuwa na ofisi ya ghorofa ya juu yenye ubaridi wa kumfanya mtu ajutie kuacha sweta. Mama Kadi alitajiwa ada kabla ya salamu, na faili likarudi baada ya dakika kumi na pongezi kwamba limepangwa vizuri. Ukurasa wa tatu ulikuwa kichwa chini. Wa pili hakulifungua kabisa. Alisema ana mtu wake ndani, na kwamba kwa wiki moja atamfutia deni lolote, liwe lake au lisiwe lake. Mama Kadi alibeba mkoba wake na kumtakia mchana mwema. Wa tatu alikuwa baba mtu mzima, mpole, aliyemwagizia chai na kukaa na faili siku mbili. Alimshauri alipe tu, mama, apumzike, maana kupigana na watu hawa kunachosha. Ukurasa wa tatu ulikuwa kichwa chini.

Huyo wa tatu ndiye aliyemvunja moyo. Mama Kadi alirudi masijala, akafunga mlango, akalia. Wingu lilikuwa limeshaanza kutanda upande wa nyumba yake. Na kwa sababu ya machozi alifanya kosa pekee la utumishi wake: aliliacha faili lake juu ya meza ya mafaili yanayosubiri kupelekwa kwa mawakili, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi halikuwepo, na mahali pake hapakuwa na kadi. Ofisi nzima haijawahi kumwona vile. Alisema tu kwamba kuna faili limepotea, akakataa kusema la nani. Sote tukadhani ni la mteja mkubwa. Mawakili walipiga magoti chini ya meza zao. Mzee alivuta kabati lake la nguo kutoka ukutani, akakuta mwavuli wa Mama Kadi uliokuwa umepotea miaka minne kabla ya hapo, akaurudisha haraka nyuma ya kabati. Saa tano ndipo Mama Kadi alipofika chumba cha nyuma, anapowekwa wakili aliye kwenye majaribio.

Wakili huyo mgeni alikuwa na miezi miwili kazini na hakuwa na kesi hata moja. Alikuwa amelikuta faili mezani alfajiri, akadhani hatimaye amekumbukwa, akalichukua kwa furaha kiasi cha kusahau kadi. Lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Ukurasa wa tatu ulikuwa umegeuzwa sawasawa, tarakimu mbili za mwisho zimezungushiwa duara kwa kalamu ya risasi, na pembeni pameandikwa: “Huyu mama anasingiziwa. Yuko wapi?” Alipomwona mlangoni karani, ambaye alimjua kwa jina la Mama Kadi tu, alimwambia kwamba mteja huyo ana kesi nzuri sana, na akauliza atampataje.

Mama Kadi aliutazama ukurasa uliogeuzwa. Kisha akamuuliza kama amesaini kadi.

Yaliyofuata yamo kwenye kumbukumbu za ofisi. Barua zilikwenda sehemu tatu. Wakusanya madeni walijibu kwamba hawajawahi kumpigia mama huyo wala kufika kazini kwake. Wakatumiwa orodha ya simu zote na saa zake, madaftari mawili, la ofisi na la wifi, na ukurasa wenye mwandiko wa ofisa wao pamoja na saini yake ya kuingia na kutoka. Shauri lilipofunguliwa, pande zote tatu ziliomba kukaa mezani kabla halijasikilizwa. Jina la Mama Kadi lilisafishwa, akaombwa radhi kwa maandishi, na wao wakalipa gharama. Ofisa mwenye sauti nene alipiga simu mwenyewe kutoa pole. Ipo kwenye daftari, nambari ishirini na tisa, na pembeni imeandikwa: “Leo alikuwa na adabu.”

Benki ilitoa mkopo wiki hiyo hiyo. Bati la mwisho lilipigiliwa siku nne kabla ya mvua.

Mzee alisikitika kwamba mtu wake wa karibu alikwenda kutafuta maji nje ilhali kisima kiko uani. Alisema kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini vinyozi wengine saba walikuwepo. Mama Kadi alimjibu kwa kumwekea mezani ile kalamu nyekundu. Tangu siku hiyo hakuna faili katika ofisi hii linaloandikwa “mdaiwa” kwa rangi yoyote, na mizaha ya chai imebadilika. Katika mafanikio yake yote, la kadi likiwemo, hili ndilo kubwa.

Limebaki deni moja, na ni la kweli. Wakili yule mgeni alisaini kadi siku ile, akiahidi kurudisha faili baada ya wiki mbili. Hakurudisha. Lilikuwa faili lake la kwanza, na mteja wa kwanza aliyemwamini, na kila alipotaka kulirudisha mkono uligoma. Kila Jumatatu kwa miaka sita amepokea karatasi ya kumkumbusha, na tangu alipooa imekuwa ikiandikwa chini: nakala kwa mkewe. Wakili huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Mama Kadi, tunakushukuru kwa makabati ambayo hata gizani tungeyasoma, na kwa kutufundisha kufungua faili kabla ya kufungua mdomo. Nenda ukae chini ya bati lako na fundi saa wako. Tunakutakia maisha mema, marefu na yasiyovuja.

Faili lako utakabidhiwa Ijumaa mbele ya wote, pamoja na kadi yake. Ukurasa wa tatu nimeuweka kichwa chini. Najua utakuwa umeshaugeuza kabla hatujamaliza kupiga makofi.