Perege Wetu Wasifukiwe: Risala ya Wafugaji wa Bondeni, Makambako

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Idda, kamwene!

Karibu bondeni. Sisi wanakikundi wa Azola na Perege, hapa nje kidogo ya Makambako, tumefurahi mno. Wengi walisema utaishia kule barabarani upunge mkono ukiwa garini, kama waliokutangulia. Wewe umeshuka. Tunaomba makofi.

HISTORIA

Hapa palikuwa vinyungu, bustani zetu za kiangazi. Bwawa la kwanza alilichimba marehemu Dainess, mke wa katibu anayekusomea, kwa jembe la mkono. Sisi wanaume tulimuuliza kama anachimba kaburi la ng'ombe. Akajibu, "Chekeni tu, mboga mtakuja kuomba." Tulikuja kuomba, na leo mabwawa ni tisa.

Tabu ilikuwa chakula cha samaki. Ofisi ya halmashauri ikampeleka mwenzetu Devotha semina pwani. Kumbe semina yenyewe ni ya kufuga abaloni, konokono wa baharini anayelishwa mwani! Wakubwa hawakujiuliza kama Makambako kuna bahari. Aliporudi, Mzee Yoeli alimpokea hivi: "Yaani umepanda basi mpaka pwani kusomea konokono? Si hapa tunawakanyaga?"

"Baba, wale wanaliwa na matajiri. Wa kwako nani atamla?"

Devotha alikuja na gunia la mwani mkavu. Tukamwaga nusu bwawani, perege wakaukimbia. Ila ng'ombe wa Mzee Yoeli, wenye uchu wa magadi, walinusa ile chumvi, wakavunja uzio, wakamaliza nusu iliyobaki. Halafu kiu ikawashika. Walikunywa bwawa mpaka migongo ya perege ikaonekana. Mzee Yoeli hadi leo hataki kuulizwa.

MAFANIKIO

Hata hivyo Devotha alikuwa ameshika jambo la maana. Alituambia, "Wenzetu chakula cha mifugo yao wanakipanda majini, wanakivuna kibichi. Sisi tunashindwa nini?" Tukapanda azola, kijimea kinachoelea juu ya maji kama dania iliyokatwakatwa. Perege wanakigombania. Kwaresima iliyopita watu walitoka mjini kuja kununua samaki hapa, wengine wakarudi na ndoo tupu kwa kuchelewa. Watoto wetu wanakula samaki. Maji yanayotoka bwawani tunamwagilia maharage, na maharage hayo Mheshimiwa utayaonja.

CHANGAMOTO

Baridi ya Juni inaigeuza azola nyekundu kama kutu. Hiyo tunaiweza, tunaifunika kwa nailoni.

Tusiyoiweza ni rangi. Mwezi jana walikuja watu wa ofisi hiyohiyo, wakasema tuko ndani ya eneo la chanzo cha maji na mabwawa yatafukiwa mwisho wa mwezi huu. Walitaka kupiga kwa rangi alama ya X, ile ya kubomolewa. Bwawa halina ukuta, basi wakaipiga kwenye banda la bata. Sasa hatuelewi anayetakiwa kuhama ni perege au bata.

Mheshimiwa, hawakupima. Walikadiria kwa macho, tena wakiwa ndani ya gari. Dainess aliwaita miaka yote waje waone kazi yake, wakawa na vikao. Kwenye msiba wake hatukumwona hata mmoja. Kumbe njia ya kuja huku walikuwa wanaijua. Tulishauriwa haya tusiyaseme mbele ya mgeni. Tumeyasema.

MAOMBI

Hatuombi pesa wala semina nyingine. Tunaomba kipimo. Chemchemi iko kule juu kwenye miti tuliyoipanda wenyewe, na kamba tunayo. Tupime leo, wewe ukiwa umeshika ncha moja, kutoka kwenye chemchemi mpaka bwawa la juu kabisa, lile la Dainess. Likiwa ndani ya mita sitini zinazokatazwa kisheria, tutalifukia kwa mikono yetu na katibu ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Likiwa nje, ile X ifutwe kabla gari lako halijawashwa.

Njiani kuna matope. Hapo mbele ya kiti chako kuna gambuti, zimeoshwa. Zilikuwa za mke wangu, naona zitakutosha. Chakula kiko tayari, lakini tunakuomba uzivae kwanza.

Mungu akulinde, akupe macho ya kuona na miguu ya kufika.

Ni sisi,
Kikundi cha Azola na Perege, Makambako.
Imesomwa na Anselmi, katibu.