Aliyelia Zaidi Kasualti

Benchi ya Watiri iko nje ya geti ya hospitali, upande wa barabara ya kwenda Nyeri, na wanaoketi hapo asubuhi si wagonjwa wala hawajaleta mgonjwa. Wamekuja tu kuisaidia hospitali kufikiri. Watiri huwauzia kahawa, maana watu wa huku huilima maisha yao yote lakini kuinywa ni mpaka wachemshiwe. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Wahome, anayeitwa Spika kwa sauti yake, alikuwa amekunja suruali na kunyoosha goti lenye bandeji kama mtu aliyeleta fahali kwenye maonyesho. Kando yake alikuwa Nderitu wa bodaboda, wanayemwita Mita, na Gatimu, ambaye alilinda geti hiyo miaka mingi hata wakampa jina la Daktari. Spika alitaka wamsindikize kwa mkubwa wa hospitali kumshtaki nesi wa kasualti, wanakopokelewa wagonjwa wa dharura. Nesi mwenyewe ni Lynn, mjukuu wa Watiri, ambaye wote humwita Cucu, yaani nyanya.

— Usichukue vibaya, Cucu, Spika alimwambia. Hii si mambo ya familia. Ni ya haki.

— Kunywa ikiwa moto, Watiri akasema.

— Mimi jana nilifika wa kwanza. Nimeanguka na pikipiki ya huyu Mita, goti iko wazi, nalia mpaka watu wa maabara wanatoka nje. Nesi ananiangalia hivi, ananipita, anaenda kwa mzee ameketi kwa kona. Mzee hata hajaomba kitu.

— Hata kuugua? Mita akauliza.

— Hata kuugua. Anatoka jasho tu, kama mtu amekula pilipili.

— Huyo anajulikana, Daktari akasema. Mimi nimekaa hii geti. Mtu akinyamaza ndani ya hospitali, jua ako na mtu wake.

— Wapi, ni tajiri, Mita akasema. Tajiri hapigi kelele hata akigongwa na lori. Uliangalia viatu?

— Gambuti. Ziko na matope.

— Basi ni tajiri sana. Hao wa gambuti ndio wako na majani chai mpaka Kiriaini.

— Hamjui kitu nyinyi, Daktari akasema, akaweka kikombe chini. Siku hizi huko ndani kuna mashini inapima sauti. Ukipita alama fulani, wanajua wewe ni mzima, unawekwa nyuma.

— Mzima na goti iko hivi?

— Sasa umewahi kusikia maiti ikilia?

Spika alifikiria hiyo kidogo, akaona haimsaidii.

— Twendeni ofisini, akasema. Nikienda peke yangu nitaambiwa nirudi kesho. Wazee watatu hawarudishwi.

Na ni kweli hawarudishwi. Watiri alikumbuka nesi wa mwisho aliyeshtakiwa na wazee watatu. Alihamishwa zahanati ya mbali, huko chini kwenye joto, na mama yake humwona Krismasi tu. Akaongeza kahawa kwenye vikombe ambavyo havijaisha.

Maneno alikuwa nayo, yamemjaa mdomoni. Jana jioni Lynn aliingia jikoni akaketi na viatu miguuni, sahani ya mukimo ikapoa mapajani. "Cucu, leo mmoja alienda nikamrudisha," alisema. "Nimebonyeza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Alipofungua macho alinishika kidole, akakataa kuniachilia." Akacheka, akalala hapo hapo kwenye kiti. Kuna siku nyingine hurudi bila neno, akasugua sufuria ambayo tayari ni safi. Lakini Lynn alishamkataza: "Ya wagonjwa yasifike benchi, Cucu." Kwa hivyo Watiri alimimina tu.

— Cucu, imetosha, itamwagika, Mita akasema.

Wakainuka. Spika aliegemea bega la Daktari, akachechemea vizuri zaidi kuliko alivyokuja. Hapo ndipo mwanamke mmoja mwenye kiondo kizito alipotoka getini.

— Habari zenu, wazazi. Nyinyi ni watu wa hapa?

— Wa hapa kabisa, Daktari akasema. Uliza chochote.

— Baba yangu aliletwa jana na shida ya moyo. Sasa ako sawa, Mungu ni mwema, lakini hatulii. Anasema alipata mtu huko kasualti akilia vibaya sana, mpaka yeye akasahau yake akaanza kumwombea. Halafu baba akapoteza fahamu. Kuamka, ile sauti hakuna. Tangu alfajiri anajilaumu, ati nesi alimwacha huyo mwenye kulia akashika mzee ambaye ashakula miaka yake.



— Amenituma nitafute boma ya wafiwa, niwapelekee hizi nduma na pole zake. Mnajua mazishi ni lini?

Mita alienda kuangalia tairi ya pikipiki yake. Daktari aliitazama geti kana kwamba hajawahi kuiona. Spika, ambaye kanisani hahitaji kipaza sauti, aliinama akateremsha suruali juu ya bandeji, polepole, mpaka kisigino.

Watiri aliifuta benchi kwa leso.

— Keti kwanza unywe kahawa, mwanangu, akasema. Hawa wazee bado wanashauriana.