Utepe Mlangoni mwa Maabara

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali, viongozi wetu wa dini, madaktari na wauguzi, ndugu zangu mnaouguza, na ninyi wagonjwa mnaotusikiliza kupitia madirisha: amani ya Mwenyezi Mungu iwe nanyi.

Mimi ni fundi cherehani. Mashuka ya wodi hizi nayashona mimi. Nimeombwa nishukuru kwa niaba ya ndugu wa wagonjwa, nami nashukuru. Maabara hii, kwa jinsi nilivyoelezwa, inaotesha vijidudu vilivyo katika damu ya mtu mwenye homa, inavijaribu kwa dawa hii na ile, kisha inamwambia daktari ipi imeshindwa na ipi itaviua. Nani asiyeshukuru?

Lakini nina dukuduku, na nisipolitoa litanikaba.

Mdogo wangu wa tumbo moja amelala wodi ile pale, homa imemganda. Amebadilishiwa sindano, akabadilishiwa tena. Jana akaniambia, midomo imekauka lakini utani haujakauka: "Dada, hizi dawa na vijidudu vyangu vimeshakuwa mashemeji. Vikikutana ni kutaniana tu."

Nikacheka, nikatoka nje nikalia. Maana kwenye kitanda cha jirani yake alilala mchomeleaji mageti, baba wa watoto wadogo, naye alibadilishiwa dawa kwa kubahatisha hivyo hivyo, mpaka akafunikwa shuka nililolishona mimi.

Nikamwendea mpimaji wa maabara. "Mwanangu, mashine ni mbovu?"

"Hapana, mama. Nzima kabisa, tangu mwezi uliopita."

"Sasa mbona damu ya mdogo wangu haipimwi?"

Akainamisha kichwa. "Tunasubiri utepe ukatwe."

Utepe! Ndugu zangu, tangu lini utepe ukatibu homa? Mchomeleaji yule alikufa ndani ya mwezi huo huo, mashine imefunikwa nailoni, mlango umefungwa, kwa kuwa tarehe ya sherehe ilisogezwa, ikasogezwa tena. Mheshimiwa, wewe sikulaumu, huenda hukuambiwa. Nawalaumu waliojua wakanyamaza. Ni heshima gani hii inayomsubirisha mtu anayechemka kitandani? Mbele ya Mungu tutajibu nini, kwamba viti vilikuwa havijapangwa?

Na sisi tunaouguza tusijifanye malaika. Nani kati yetu hajamletea mgonjwa vidonge vilivyobaki kwa jirani? Homa ikipoa kidogo dozi tunaitupa kabatini, na kijidudu kilichopigwa nusu hurudi kimekomaa, dawa kinaiona maji. Hilo ni letu, tutalibeba. La mlango kufungwa si letu.

Asubuhi hii, kabla ya sindano yake, mdogo wangu ametolewa damu. Iko ndani ya chupa, na chupa iko mkononi mwa mpimaji aliyesimama pale karibu na mlango. Ratiba inasema bado kuna hotuba za viongozi, risala, kisha picha. Mheshimiwa, nakuomba kama ambavyo ningemwomba kaka yangu: inuka sasa, kata, mpishe aingie. Sisi na hotuba zetu hatuna homa, tutangoja.

Mmenisikiliza kwa subira, Mungu awalipe. Asanteni, nami nanyamaza ili mkasi usikike.