Maisha ya Mwalimu Lydia Zuleka Nthiga, Mama wa Makanisa Manne

Mwalimu Lydia Zuleka Nthiga alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 mjini Meru, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya bucha ya baba yake, karibu na soko la Gakoromone. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Idris na Bi Rahema. Waliomfuata ni Safiya, Nurudin na mimi, Omar, kitinda mimba. Watoto wa marehemu ndio walioniomba nisome maneno haya. Huku Kibugu mlimjua kwa jina la Lydia. Kwetu alikuwa Zuleka, na mwenyewe aliitika yote mawili. Mtaniruhusu nimwite kwa jina nililomkuta nalo.

Alisoma Kaaga, shule ya msingi na ya sekondari. Baba yetu hakujua kusoma, kwa hiyo Zuleka akitoka shuleni alipitia buchani, akapanda juu ya kreti ya soda na kumsomea gazeti huku baba akikata nyama. Wateja nao walisikiliza. Mtu akiwa na haraka ya nusu kilo yake, baba alimwambia, "Subiri kwanza, mtoto hajamaliza." Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ualimu, na mwaka 1977 akapewa kazi katika shule ya msingi huku Kibugu. Hakuwa na ndugu wala rafiki hapa. Kiembu alifundishwa na watoto wa darasa la pili, ambao walimcheka kila alipokosea, naye akawaruhusu wacheke mradi wamsahihishe. Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2016. Wengi wenu mliosimama hapa mliandika herufi zenu za kwanza mbele yake.

Katika shule hiyo alikutana na Mwalimu Nthiga, mwana wa Mzee Gachoki. Walipopendana, Zuleka alikwenda Meru mwenyewe kumweleza baba kwamba angebatizwa na kufunga ndoa kanisani. Baba alikwenda zake buchani. Jioni alimwita, na mimi nilikuwepo, nikiwa bado mdogo. Akamwambia, "Sitakuzuia. Wewe ni mtu mzima na umenisomea magazeti mengi, una akili kuliko mimi. Ila nina neno moja. Siku yangu ikifika, usije kama mgeni. Ukae na mama yako na dada yako, uvae kama wao, uniombee pamoja nao." Zuleka akamwahidi.

Alibatizwa Desemba 1979 na kufunga ndoa Jumamosi tarehe 26 Aprili 1980. Baba alikuja na fahali, akamchinja yeye mwenyewe alfajiri ili wageni wa pande zote mbili wale nyama ile ile. Lakini ibada ilipoanza alibaki langoni na kanzu yake, akasema hapo panamtosha. Mzee Gachoki alipoona mkwe wake amesimama peke yake, alitoka kanisani akaenda kusimama naye. Wazee wale wawili walizungumza habari za ng'ombe mpaka wimbo wa mwisho. Mzee Gachoki, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, hakuona mwanawe akivishwa pete. Alipoulizwa baadaye alisema, "Pete nitaiona kidoleni. Mgeni wangu nisingemwona tena akiondoka na uchungu." Zuleka alikuwa akisema kwamba siku hiyo ndiyo aliyoolewa na watu wa Kibugu wote, si na Nthiga peke yake.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Munyi na Beverlyne.

Parokia hii ina makanisa manne, na ninyi mnayaita kanisa la juu, la sokoni, la mtoni na la bondeni. Zuleka alipofika, kila kanisa lilikuwa na mambo yake. Mtu akifa, wanawake wa kanisa lake ndio waliopika, wakabeba maji, wakaosha sufuria, na wengine walikuwa dada na binti za marehemu, hawakupata hata nafasi ya kulia. Mwaka 1991 alifiwa na rafiki yake wa kanisa la mtoni, akamkuta binti wa marehemu amepiga magoti akipuliza moto wa kuni mbichi, machozi na moshi havijulikani kipi ni kipi. Akamwinua, akamwambia, "Nenda ukakae karibu na mama yako." Kisha akakaa yeye pale motoni.

Kutoka siku hiyo aliwashawishi akina mama wa makanisa yote manne wakubaliane kwamba kanisa likifiwa, matatu mengine ndiyo yatakayopika. Waliofiwa wakae tu. Haikuwa rahisi, maana wapo waliosema hawawezi kupikia watu wa bondeni. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Baada ya hapo yakaja mengine: sherehe za mavuno za pamoja, ambazo kila kanisa lilizipokea kwa zamu, semina za wasichana wakati wa likizo, kutembelea wagonjwa, na ile kwaya ya akina mama ambayo sare zake zilishonwa kwa kitambaa cha rangi aliyoichagua yeye, na mkamlalamikia kwamba inaonyesha vumbi. Mpaka leo mkifiwa hapa, mnakaa. Mnakaa kwa sababu yake.

Katika kazi hiyo yote mwenzake alikuwa Mama Njura. Walikuwa majirani, walichuma majani chai mashamba yakipakana, walilea watoto pamoja. Njura mwenyewe, akiwa mchanga, alinyonya kwa Zuleka mama yake alipolazwa hospitalini. Nikija kutembea sikuweza kujua ni nani mwenye nyumba, maana wote wawili walifunua sufuria.

Baba yetu alifariki Jumanne tarehe 9 Oktoba 2018. Zuleka alikuja Meru siku hiyo hiyo. Ninasema haya kwa heshima, lakini nitayasema: makanisa manne hayakuja. Waliambiwa kwamba ni matanga ya Waislamu na hayawahusu. Aliyekuja ni Mama Njura peke yake, na sisi tulimpokea kama dada.

Zuleka alitimiza ahadi yake. Alikaa chini kwenye mkeka na mama yetu na Safiya, akajifunika mtandio, na dua iliposomwa aliinua mikono akaitikia amina. Mama Njura alikaa ubavuni pake. Safiya alimpa mtandio, akajifunika naye. Walikula sinia moja. Walipoondoka, mama yetu alimshika Mama Njura mikono miwili, akamwambia, "Mwanangu hana dada huko. Wewe ndiye dada." Akajibu, "Mama, ondoa shaka."

Mwezi uliofuata akina mama wa makanisa manne walikuwa wanachagua mwenyekiti wa umoja wao. Kila mtu alijua atakuwa Zuleka. Kabla ya uchaguzi aliitwa mbele ya baraza la parokia. Kasisi wa wakati huo, ambaye sasa hayuko hapa, alimwambia kuna mtu ameeleza kwamba amerudi katika dini ya kwao. Zuleka akauliza ni nani. Mama Njura akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alijifunika, akaomba kwa mikono."

Zuleka alimtazama. "Na wewe ulikuwa umekaa wapi, Mama Njura?"

"Mimi nilikuwa nimekusindikiza tu."

"Ulijifunika mtandio wa nani?"

Mama Njura akakaa. Hakuna mtu aliyerudia swali hilo. Kasisi alimwambia Zuleka kwamba jambo ni dogo. Asimame Jumapili, makanisa yote yakikutana, apige magoti, aseme alikosea na hatarudia.

Zuleka akasema, "Dhambi zangu ni nyingi, Kasisi, na nitazitubu zote. Lakini kumzika baba yangu sikukosea. Nilibatizwa, sikuzaliwa upya bila wazazi. Nikisema nilikosea nitakuwa nimewadanganya ninyi, na yeye aliyeko kaburini pia."

Basi wakapiga kura kwa kuinua mikono, kwamba asikaribie Meza ya Bwana na aache kazi zote za akina mama mpaka atakapotubu. Katika baraza hilo alikuwepo mumewe, Mwalimu Nthiga, mzee wa kanisa kama baba yake alivyokuwa. Hakuinua mkono, wala hakufungua mdomo. Shemeji yangu ameketi hapa mbele, na sisemi hapa jambo ambalo sijamwambia uso kwa uso. Zuleka alinisimulia kwamba walirudi nyumbani wakitembea mmoja mbele mwingine nyuma, na walipofika jikoni mumewe akamwambia, "Ungesema tu samahani, Mama Munyi. Ni neno moja tu."

Naye akamjibu, "Baba Munyi, hata kwako lilikuwa ni neno moja tu."

Hawakulizungumza tena. Mama Njura akachaguliwa mwenyekiti.

Zuleka hakuhama kanisa. Tulimwambia arudi Meru, akakataa. Kila Jumapili alikwenda kanisa la juu, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mezani alibaki ameketi. Kanisa lingine lilipofiwa alifunga leso kiunoni akaenda jikoni kama zamani. Mara ya kwanza aliambiwa, "Mwalimu, leo tumetosha." Mara ya pili akaambiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu alifika, akaona wanawake wawili tu na sufuria kubwa sita, na bado akaambiwa wametosha. Hapo akaacha kwenda. Wapo wachache waliomtembelea nyumbani, wengine wakipitia shambani wasionekane. Wanajijua, na kwa niaba ya familia ninawashukuru.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 chakula kilianza kumkwama. Alipopimwa, daktari alisema ni saratani ya koo la chakula. Beverlyne, ambaye ni muuguzi mjini Meru, alimleta kwangu ili awe karibu na hospitali. Alikaa nasi katika nyumba ile ile ya nyuma ya bucha. Alipokea matibabu bila kulalamika. Uji ulipokuwa mzito aliusukuma pembeni akasema, "Huu mpelekee Omar, ana meno." Mume wake alikuja kila juma na kuketi karibu naye, akimenya machungwa ambayo Zuleka hakuweza kuyala. Alimwachia amenye.

Mwezi Agosti mwaka huu Mama Njura alikuja pia. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Walikaa chumbani muda mrefu, na kupitia ukutani nilisikia sauti ya maombi. Alipoondoka niliingia, nikamkuta dada yangu ametazama dirishani.

Nikamuuliza, "Amesema samahani?"

"Hapana," akajibu. "Ameomba mvua."

Kisha akaniambia asingependa nimchukie mama yule. "Mimi mwenyewe nimeshindwa kumchukia," akasema. "Nimejaribu. Tatizo ni kwamba ninamkosa."

Mwalimu Lydia Zuleka Nthiga alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025 asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa kwa Beverlyne na mwingine kwa mama yetu. Aliacha neno kwamba azikwe Kibugu. Nilipomuuliza kwa nini, baada ya yote, alisema hapa ndipo alipoishi, na mtu hazikwi mahali alipolazwa tu. Kasisi mpya, Mchungaji Murungi, alipopata habari alikuja Meru bila kuitwa, na ndiye anayemzika leo kwa ibada kamili. Familia inamshukuru.

Ameacha mume, Mwalimu Nthiga, watoto, Munyi na Beverlyne, wajukuu watano, mama yetu Bi Rahema, ambaye miguu imemkataa na yuko nyumbani akitusubiri, na ndugu zake Safiya, Nurudin na mimi.

Limebaki jambo moja. Wasifu huu si wa kwanza kuandikwa. Wa kwanza uliandikwa na kamati ya mazishi, shemeji yangu akaukubali, na ulikuwa tayari kwenda kuchapishwa Beverlyne alipousoma. Ulisema mengi mazuri. Ulimwita nguzo na taa. Kisha ulisema kwamba Mwalimu Lydia alihudumia akina mama wa makanisa manne kwa furaha hadi mwaka 2018, alipoamua kupumzika kwa hiari yake. Beverlyne alimuuliza baba yake kama ndivyo ilivyokuwa. Baba yake akasema, "Mwanangu, ni msiba, tusiwaaibishe watu." Ndipo mtoto akanipigia simu.

Mimi ni muuza nyama, si mwandishi, na sikuja kwenu kuaibisha mtu. Nimekuja kusahihisha sentensi moja, kwa sababu marehemu alikuwa mwalimu na asingeiacha ipite. Mwaka ule dada yangu hakupumzika. Alikuwa na nguvu, alikuwa na moyo, na leso yake ilikuwa kiunoni. Anapumzika leo. Na iwe kwa amani.