Binti Aliyeiuliza Kompyuta Imemwita Nani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa kompyuta wa ofisi yetu ya kuandikisha vizazi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Wenzake wameniomba niandike mimi, kwa kuwa nilipika chai kwenye kantini hii miaka mingi, na kwa kuwa ni mwanangu, kifungua mimba. Wanaosema mama hawezi kumwandikia mwanawe bila kutia chumvi wasubiri wasome. Nimetia kidogo tu.

Alianza kazi na miaka ishirini na sita na viatu vya kuazima. Tangu mdogo haamini kitu mpaka akigeuze. Ukimwambia maziwa hayajaharibika, anayanusa. Tabia hiyo kairithi kwangu, na sioni haya kusema, maana ndiyo iliyomwokoa.

Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, majina ya watoto yalianza kupotea. Kila asubuhi kompyuta ilitoa orodha ya walioandikishwa jana yake, ili vyeti vichapwe. Siku nyingine orodha inatimia, siku nyingine inakomea mtoto wa hamsini. Wazazi wanafika dirishani na karatasi za hospitali, wanaambiwa mtoto hayumo. Neno la siri la kuendeshea kazi ile walikuwa nalo watu wawili tu, binti yangu na mkuu wa kitengo. Nadhani mmeshajua aliyeshukiwa ni nani. Akapewa barua: siku tatu ajieleze, la sivyo afungashe virago. Nilipompelekea mkuu chai siku ile nilimtazama machoni. Yeye akatazama kikombe. Nikaweka moyoni.

Jioni binti yangu alinieleza mezani. Ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta kuna kitu wanakiita maktaba. Si ya vitabu, ni ya kazi zilizokwisha andikwa, ambazo programu nyingine huziazima. Ukitaja programu kwa jina tupu, maktaba hiyo inashika orodha ya folda na kuzipitia moja moja, kama mtu aliyetumwa kumwita fundi kwenye nyumba ya wapangaji. Anabisha mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Atakayeitika mwanzo kwa jina hilo ndiye anayepewa kazi. Haulizwi katoka wapi. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hapo nilitua kijiko. Nikamwambia, "Mwanangu, na hiyo orodha ya milango kaiandika nani?"

Aliacha chakula. Sijisifu, ila swali lilikuwa langu.

Kesho yake akaifungua ile orodha ya folda. Mwezi uliotangulia mkuu alikuwa ameigusa, akaacha nafasi tupu mwanzoni kabisa, mbele ya alama ya kwanza ya kutenganisha folda. Kwa mimi na wewe nafasi tupu si kitu. Kwa maktaba ile maana yake ni kwamba ianzie kutafuta hapo hapo ulipo, kwenye folda uliyomo. Na ndani ya folda yake mkuu alikuwa na programu ya majaribio aliyoipa jina Orodhesha, sawasawa na programu halisi ya ofisi, ila yake iliishia majina hamsini. Siku akiianzisha kazi yeye akiwa kwenye folda yake, ile ya majaribio inaitika mwanzo. Siku akiianzisha binti yangu, inaitika ya kweli.

Siku ya tatu walijazana chumba cha kompyuta kumsikiliza. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe, na sikuharakisha. Hakumnyooshea mtu kidole. Aliita Orodhesha akiwa kwenye folda yake, yakatoka majina themanini na moja. Akahamia folda ya mkuu, akaandika neno lile lile, yakatoka hamsini. Kisha akaiuliza kompyuta imemwita nani, na anwani ya folda ya mkuu ikatokea kwenye skrini, watu wote wakaisoma.

Mkuu aliisogelea skrini, akaisoma tena. Halafu akasema, "Hiyo ni yangu, dada. Niliisahau."

Barua aliichana mkuu mwenyewe. Alisahau kweli? Mimi mpaka leo sijui, na chai niliendelea kumpelekea huku namtazama. Binti yangu alisema yameisha. Akaifuta ile nafasi tupu, akaandika anwani nzima ya kila programu badala ya jina tupu, na tangu hapo fundi yeyote wa ofisi hii lazima afanye hivyo. Vijana wakambandika jina la Bibi Anwani. Kisha alikaa wiki mbili na madaftari ya hospitali, akirudisha jina moja moja, watoto mia mbili na kumi na wawili.

Mnaobaki mnaniambia mmejiandaa kufanya kazi bila yeye. Nimesikia. Nitapita siku moja kunywa chai, nione.

Wale watoto sasa ni watu wazima. Wamefanya mitihani, wamechukua vitambulisho, wengine wana watoto wao, na kila dirisha walilofika majina yao yalikuwemo. Hawamjui aliyeyarudisha, na hakuna aliyewahi kuja kumshukuru. Basi kwa niaba yao nashukuru mimi. Mwanangu, ule kwa raha, ulale mpaka jua likuchoke. Ofisi nzima tunakuombea siku ndefu na nyepesi.