Mlango Usiobishwa Hodi

Macho hayana pazia, na masikio ya fundi cherehani ndiyo kabisa. Treni ilipoondoka alijifanya kalala, akawasikiliza abiria wawili waliokaa mbele yake.

Mama mmoja alikuwa akimweleza kijana mwenye mkoba wa kompyuta kwamba kikundi chao hupita nyumba kwa nyumba kufundisha watu kujikinga na virusi vya UKIMWI. "Miaka mitatu nimebisha hodi mtaa mzima. Washauri waliokuja kutuelekeza kazi walituachia fomu ya kujaza majina ya tuliowafundisha. Chini imeandikwa: usihesabu watu wa nyumbani kwako."

"Ni sawa, mama," kijana alisema kwa ule upole wa watu wa semina. "Wengine walikuwa wanajaza majina ya shangazi zao ili idadi itimie."

"Basi mimi nikaona asiyehesabiwa hafundishwi. Nikirudi jioni sauti imenikauka, binti yangu ananitengea maji ya kuoga, nalala. Jana kapima, kakutwa navyo."

Fundi alisahau kwamba amelala.

"Kaniuliza swali moja tu: 'Mama, mbona kwangu hukubisha hodi?'"

Kijana aliusogeza mkoba wake kando. "Sharti lile niliandika mimi, mama. Nilikuwa nazuia udanganyifu."

Mama hakufoka, afadhali angefoka. "Una mdogo wako nyumbani, mwanangu?"

"Ninaye. Wa kike."

"Umeshazungumza naye?"

Treni ikasimama. Milango ikafunguka, watu wakashuka, na kijana akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mdogo wake.